Mama ana sukari na hakubali kulala bila ugali. Nimpikie nini jioni?

Kijana_wa_Nyalenda

Wanajamvi, hamjambo. Naomba ushauri, hasa kwa wale walio na mgonjwa wa sukari nyumbani.

Mama yangu alihamia kwangu hapa Kisumu kutoka Ugunja baada ya kupimwa na kukutwa na kisukari. Presha anayo ya siku nyingi. Sukari kabla ya kula ilikuwa 9.4 (mmol/L), na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikasoma asilimia 8.1. Ameandikiwa metformin asubuhi na jioni, pamoja na dawa ya presha. Dawa anameza bila shida. Vita vyetu ni chakula cha jioni.

Kliniki moja ilitupa karatasi ya vyakula. Humo kuna oti, brokoli, samaki wa salmoni na mafuta ya zeituni. Mama akaniuliza hiyo salmoni inavuliwa ziwa gani. Brokoli nilinunua supamaketi, nikaichemsha kama walivyosema, akaitazama akaniuliza kama hilo ni ua au ni chakula. Kwa hivyo sasa napika mara mbili kila jioni: ya mama kwa kufuata karatasi, na yangu ya kawaida, ugali na omena (dagaa). Yake anakula kidogo, anashukuru vizuri kabisa, halafu nikishazima taa nasikia mfuniko wa sufuria jikoni. Anamega ugali wangu uliobaki.

Mimi natoka kazini nikiwa nimechelewa, tunakula saa tatu na nusu, wakati mwingine saa nne. Nimechoka kupika mara mbili na pesa inaisha. Je, ugali wa brown, wa unga usiokobolewa, ni sawa kwake? Kuna njia ya kupika sufuria moja tule wote?

Nyar_Yala

Pole ndugu yangu. Hiyo karatasi usiitupe, isome upya. Ukiondoa majina ya kigeni inasema hivi: mboga za majani nyingi, samaki au maharagwe, mafuta kidogo, wanga kidogo. Brokoli weka osuga (mnavu), dek (mgagani) au kunde. Salmoni weka omena au ngege (tilapia). Mafuta ya zeituni sahau, tumia mafuta ya kupikia ya maji uliyo nayo, ila yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwa chupa.

Siku ya miadi rudi nayo, uwaombe wakuandikie ya chakula cha hapa. Hakuna mgonjwa wa Ugunja atakayekula oti usiku.

Mulembe_Fresh

Ugali wa brown ndio jibu. Shangazi yangu kule Mumias alianza ugali wa wimbi na mtama na sukari ikashuka. Mwache mama ale ashibe, wimbi haina madhara.

Lishe_Kakamega

Ndugu Mulembe, hapo tutagombana kidogo. Nafanya kazi ya lishe kwenye kituo cha afya na hili la "brown haina madhara" nalisikia kila siku ya kliniki. Watu wanahama kutoka unga mweupe, halafu wanaongeza ukubwa wa ugali kwa sababu wameambiwa ni dawa. Kipimo kikipanda wanashangaa.

Unga wa mahindi usiokobolewa, mtama na wimbi vina nyuzinyuzi zaidi kuliko unga uliokobolewa, na hilo ni jambo zuri. Lakini bado ni wanga. Ukisagwa laini na kupikwa, unageuka sukari mwilini vilevile. Na kule Ugunja mnachanganya muhogo kwenye unga, siyo? Muhogo karibu wote ni wanga, nyuzinyuzi chache, protini haba. Ugali mweusi wenye muhogo mwingi unaweza kumdanganya mtu kwa rangi yake.

Kwa hivyo Kijana, brown ndiyo, ila kiasi ni kilekile: ukubwa wa ngumi ya mama mwenyewe, siyo ngumi yako. Robo ya sahani iwe ugali, robo samaki au maharagwe, nusu nzima mboga za majani. Anza na mboga na samaki, ugali ufuate. Kula kwa mpangilio huo husaidia sukari isipande kwa kasi.

Dawa_ya_Mti

Mchemshie mwarobaini kikombe asubuhi na jioni. Vidonge aache polepole, hivyo ndivyo vinavyomaliza figo.

Nyar_Yala

Wewe tafadhali. Sukari isiyodhibitiwa na presha ndizo zinazomaliza figo. Kijana, usimwachishe mama dawa kwa maneno ya mtu ambaye huwezi hata kumpigia simu mambo yakiharibika.

Lishe_Kakamega

Naunga mkono. Hata mitishamba ya "kusaidia tu" mwambie daktari kabla hajaanza.

Mzee_wa_Bahati_Nakuru

Huku Nakuru balaa letu ni viazi. Mzee wangu alipoambiwa apunguze ugali alipunguza kweli, akaongeza viazi, kwa sababu kwa hesabu yake kiazi ni mboga. Sahani ilikuwa na wali, viazi vya mchuzi na kipande cha chapati, halafu anasema leo sijala ugali. Kijana, angalia pia nduma, viazi vitamu na ndizi za kupika. Ni vyakula vizuri, lakini vyote vinakaa kwenye ile robo ya ugali, siyo juu yake.

Sasa nikuulize: ugali wenu mnakula sahani moja katikati ya meza, kila mtu anamega?

Kijana_wa_Nyalenda

Ndiyo. Tangu utotoni.

Mzee_wa_Bahati_Nakuru

Basi hapo ndipo penye tatizo. Ukimega kutoka kwa mlima wa katikati, hakuna anayejua amekula kiasi gani, hata yeye mwenyewe. Na wewe mtoto huwezi kumwambia mama yako "sasa imetosha", hayo ni matusi.

Sisi tulifanya hivi. Chukua kibakuli kidogo, kile cha supu. Kilowanishe maji ya baridi, tia ugali ukiwa moto, ukandamize na mwiko uliolowa, zungusha zungusha mpaka uachane na kingo, kisha ugeuze kwenye sahani yake. Unatoka mviringo, laini, unang'aa. Mzee alipouona mara ya kwanza alisema ni kama wa hotelini. Huo ni ugali wake mzima, hakuna aliyemnyima. Mboga weka sahani hiyohiyo, nyingi mpaka sahani ijae, ili jicho lishibe.

Na pika unaotosha tu. Ugali usiobaki hauibwi usiku.

Mama_Mboga_Kibuye

Nimesoma nikacheka hiyo ya ua. Mwanangu, mimi ni muuza mboga, ngoja nikuambie upande wangu.

Osuga na dek zina uchungu, na uchungu ndio unaowafanya watu wa mjini wazikimbie au wazizamishe kwenye malai (krimu ya maziwa). Chemsha kidogo, usiziue mpaka maji yawe ya kijani kibichi halafu ukayamwaga, vitamini nyingi zinaenda na hayo maji. Kisha changanya dek na kunde au terere (mchicha), uchungu unapungua wenyewe. Kitunguu, nyanya, kijiko kimoja cha mafuta, maziwa kidogo kama mama amezoea. Maziwa sawa. Malai yale mazito yaache kwa siku ya wageni.

Omena usiikaange ikielea kwenye mafuta. Iloweke maji ya moto, ioshe mara kadhaa mpaka mchanga uishe chini ya beseni, kisha iweke kwenye sufuria kavu bila mafuta, ikauke na kunukia. Hapo ndipo utie kitunguu, nyanya nyingi na dhania. Inaliwa na mifupa yake, kwa hivyo mama anapata kalisi ambayo huyo salmoni wako wa vipande hana.

Na ukinunua mgongo wazi, yale mabaki ya sangara yaliyotolewa minofu, uliokaangwa barabarani, jua yale mafuta yametumika tena na tena. Nunua mbichi, pika na nyanya nyumbani.

Lishe_Kakamega

Mama umemaliza. Niongeze tu kwamba mboga hizi si chakula cha shida. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga za kienyeji na kuwahimiza wakulima wazipande, na ni mtu wa Magharibi huku huku.

Kijana_wa_Nyalenda

Asanteni sana. Jana nilijaribu ya kibakuli. Mama aliukagua ugali, akasema nimekuwa Mhindi, lakini alimaliza na hakurudi jikoni. Samahani Mzee, sijui Wahindi wameingiaje.

Maswali mawili. Moja, mboga za kienyeji za mrenda na mito mama anapika na magadi, anasema bila magadi ni majani tu. Ni sawa? Mbili, tuna kile kimashine cha kupima. Kabla ya ile karamu ya kibakuli, siku tuliyokula ugali wa kawaida, ilikuwa 8.2 kabla ya kula na 13.6 masaa mawili baada ya kula. Nifanye nini na hizo namba?

Lishe_Kakamega

Magadi ni sodiamu. Kwa mtu wa presha yanahesabika pamoja na chumvi, na watu wengi hutia magadi, wakatia chumvi, kisha wakamalizia na kiungo cha mchuzi cha pakiti ambacho nacho kimejaa chumvi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kutoka vyakula vyote, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Akishindwa kuacha magadi kabisa, aanze na kidogo sana, chungu hicho kisitiwe chumvi, na pakiti iondoke jikoni. Ule munyu wa majivu wa kienyeji nao una potasiamu nyingi, usihamie huko kabla figo hazijapimwa.

Hizo namba ni dhahabu. Wengi hulenga iwe chini ya 10 baada ya kula, lakini lengo la mama lipangwe na daktari wake. Pima vivyo hivyo siku ya kibakuli, uone tofauti. Vijiti vya kupimia ni ghali, huna haja ya kupima kila siku, pima siku unapobadilisha kitu. Andika kwenye daftari: saa, chakula, namba. Daktari atafurahia daftari hilo kuliko maelezo.

Halafu saa nne ni usiku mno. Mkila mapema, angalau masaa mawili au matatu kabla ya kulala, itasaidia. Baada ya kula mtoe mama mtembee dakika kumi hivi, hata ndani ya ploti. Misuli ikifanya kazi inachukua sukari kwenye damu.

Tahadhari moja: metformin peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Lakini akibadilishiwa dawa, akapewa glibenclamide au insulini, asilale bila kula. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka au anasema maneno yasiyoeleweka, mpime. Ikiwa chini ya 4 na anaweza kumeza, mpe vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Akizimia usimtie kitu mdomoni, kimbia hospitali.

Nyar_Yala

Mimi nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mama mwenyewe hana nguvu?

Kijana_wa_Nyalenda

Anazo. Anafua, anafagia ploti yote, anagombana na majirani kuhusu maji.

Nyar_Yala

Sasa kwa nini unampikia? Mama aliyelea watoto kwa mwiko wake, umemketisha kwenye kochi anasubiri mwanawe wa kiume arudi saa mbili ampe brokoli. Hata mimi ningeiba ugali.

Mpe jikoni lake. Mnunulie mboga asubuhi, mwonyeshe kibakuli, mpeleke kliniki asikie mwenyewe kuhusu magadi kutoka kwa daktari, kwa sababu kutoka kwako hatasikia. Akipika yeye mtakula saa moja na nusu, na wewe utakuta chakula chako kimefunikwa. Shida ya kuchelewa inaisha hapo hapo.

Mulembe_Fresh

Hiyo ya Nyar_Yala nimeipenda. Lakini wimbi bado natetea.

Kijana_wa_Nyalenda

Nyar_Yala, nimemwambia mama leo asubuhi. Hakujibu, aliuliza tu visu vikali viko wapi. Nikirudi nimekuta dek na kunde, omena ya nyanya, na sufuria ndogo ya ugali. Kipimo masaa mawili baada ya kula: 10.8, kutoka 7.9. Bado iko juu, nimeandika kwenye daftari. Chumvi kaweka, nimeionja, hapo bado tuna kazi.

Wiki ijayo dada yangu anakuja kumwona na najua atabeba mkate na soda ya lita mbili kama kawaida. Na mama anataka mito, nimezunguka jioni sijapata.

Mzee_wa_Bahati_Nakuru

Mpigie dada kabla hajapanda gari. Mwambie alete kuku wa kienyeji, akishindwa, alete vijiti vya kupimia. Akifika na soda mlangoni ni vigumu kumkatalia.

Mama_Mboga_Kibuye

Mito jioni hupati, zinanyauka na wanunuzi wa hoteli wanazibeba mapema. Njoo sokoni Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi, uliza wanakouza mboga za kienyeji. Chagua zenye majani machanga, ukiona zimeanza kutoa maua ziache. Na uje na mama, achague mwenyewe.