Mpango wa uchambuzi kabla ya data: uwe lazima au hiari?

Mleta mada: Wakuu, hasa mlio kwenye tafiti za saikolojia. Hoja yangu: jarida lisipokee utafiti wa kupima nadharia tete kama mtafiti hakusajili mpango wa uchambuzi, yaani kuuweka kwenye kumbukumbu yenye tarehe, kabla ya kuona data. Aseme mapema atahoji watu wangapi, nani ataondolewa, kipimo kikuu ni kipi. Bila hivyo ni kujaza mkeka baada ya mechi kuisha.

Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn walichezea data makusudi hadi ikaonekana kwamba kusikiliza wimbo wa Beatles kunampunguzia mtu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Umri wenyewe, siyo kujisikia kijana! Wakaonyesha pia kwamba ukijiachia uhuru wa aina nne tu, kama kuongeza washiriki matokeo yakigoma au kuchagua kipimo kilichokubali, uwezekano wa kuona athari ambayo haipo, tunaoambiwa ni 5%, unafika 61%.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hilo "lazima" nalipinga. Timu 29 za watafiti zilipewa data ileile ya soka zijibu swali moja: je, marefa huwapa kadi nyekundu zaidi wachezaji weusi? Timu 20 zikapata ndiyo, 9 hazikupata ushahidi wa kutosha. Kila timu ingeweza kusajili mpango wake na bado wangetofautiana. Usajili unathibitisha kwamba ulipanga, basi. Kama ulipanga ovyo, umesajili ovyo.

Mleta mada: Ndiyo maana naupenda utaratibu ulioanza kwenye jarida la Cortex mwaka 2013: wahakiki, yaani wataalamu wenzake wanaokagua kazi, wanasoma mpango kabla data haijakusanywa, na ukipita, jarida linachapisha hata matokeo yakiikataa nadharia tete. Scheel na wenzake (2021) walikuta nadharia tete ya kwanza imeungwa mkono katika 44% ya tafiti za namna hiyo. Kwenye tafiti za kawaida? 96%. Hatuwezi kuwa tunabahatisha vizuri kiasi hicho.

Mchangiaji wa pili: Mimi nilisajili mpango wa mistari mitatu, nikaubadilisha njiani, na hakuna mhakiki aliyeufungua. Tena mwaka 2024 Nature Human Behaviour iliondoa makala iliyosifia taratibu hizihizi, sababu mojawapo ikiwa ni kudai uchambuzi ulisajiliwa wakati sehemu yake haikusajiliwa. Sasa mleta mada, hiyo lazima yako ataisimamia nani? Wahakiki wenyewe hawalipwi.