Eti "una uhakika ulipanda nazo?" Hili shirika la ndege limenivua nguo hadharani!

Sina_Simile:
Wakuu, heshima kwenu. Naandika mikono inatetemeka, mnivumilie. Shirika silitaji, mnalijua, ni lile lile ambalo kila siku lina uzi wake humu.

Nimeibiwa pesa na tableti ndani ya ndege. Si kwenye foleni, si kwenye mkanda wa mizigo. Juu mawinguni, mahali ambapo mwizi hana hata pa kukimbilia! Na wizi wenyewe sio ulioniua. Kilichoniua ni mhudumu kunikazia macho, abiria wote wakiwa wameamka, akaniuliza: "Una uhakika ulipanda nazo?"

Kabati la juu ya kiti changu lilikuwa limejaa, maana kuna watu wanahama nchi na begi la mkononi. Mhudumu huyo huyo akalichukua begi langu kwa mikono yake, akalisukumia kabati la mbele kabisa, karibu na choo. Nikamwambia dada, humo mna vitu vya maana. Akajibu usijali, liko salama. Taa zikazimwa, watu wakakoroma mpaka nikadhani madirisha yatabanduka.

Tunakaribia kutua nalifuata begi, nakuta zipu haikufungwa hadi mwisho. Bahasha ipo. Nikashusha pumzi. Kuifungua, noti za juu zipo, za chini zipo, katikati kumechotwa! Amenibakishia za kunipumbaza ili nigundue nikiwa nimeshafika mbali. Tableti nayo haipo, na mfuko wake umejazwa lile jarida la mfuko wa kiti ili usilegee. Jarida lao wenyewe!

Nikabonyeza kengele. Akaja anatabasamu meno yote, na mengine ya kuazima. Nikaeleza. Ndipo akatamka kwa sauti ya kusikika mpaka kwa rubani: "Una uhakika ulipanda nazo?" Mama wa kiti cha pili akaivuta pochi yake kifuani. Mimi ndiye niliyeibiwa, halafu ananikwepa mimi!

Nikasema mwambieni rubani aombe polisi wasubiri mlangoni. Jibu: kaa, funga mkanda, tunatua. Mlango ukafunguliwa, mwizi akashuka kwa raha zake na akaagwa "karibu tena". Una uhakika ulipanda nazo! Nilipanda na nini basi, hewa?

Kisiki_Mkavu:
Pole sana mkuu. Ila una uhakika ulipanda nazo? 😂😂

Sina_Simile:
Kisiki usinianze leo. Nakuomba.

Bi_Shubiri:
Pole mdogo wangu. Hao wezi wanakata tiketi kama wewe na mimi, wengine wanasafiri kikundi. Anakaa nyuma, anaweka begi lake kwenye kabati la mbele pembeni ya la kwako. Mkilala anashusha la kwako anapekua taratibu kama mwenye mali. Ukimshtukia, "samahani, nilidhani ni langu", na mabegi yenyewe yote meusi. Wahudumu wanaujua mchezo huu vizuri, ndiyo maana swali lake linaudhi.

Mzee_wa_Vifungu:
Mtoa mada punguza jazba, andika barua. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa safari za ndege za kimataifa, mzigo uliokabidhi ukasafirishwa chini ni dhamana ya shirika. Begi la mkononi ni habari nyingine, linawajibika pale tu hasara inapotokana na kosa lake au la watumishi wake. Sasa hapo mhudumu kulitoa begi machoni pako na kulipeleka karibu na choo ndiyo hoja yako, ishike hiyo. Mzigo wa chini ukirudi umeharibika unaandika malalamiko ndani ya siku 7 tangu uupokee, mzigo wenyewe ukichelewa ni siku 21 tangu ukabidhiwe. Kesi mwisho miaka 2. Kikomo cha fidia ya mizigo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, hiyo SDR ni kipimo cha thamani ya pesa cha Shirika la Fedha la Kimataifa.

Sina_Simile:
Mzee nashukuru, barua naandika usiku huu huu. Lakini hiyo SDR inalipa tableti, ile sauti je? Maana alirudia mara ya pili! "Samahani, una uhakika...?" Ya pili ndiyo kaitamka taratibu, ananifundisha kusoma!

Tingatinga99:
Pesa unaiweka kabatini ya nini? Pesa inakaa mwilini.

Bi_Shubiri:
Tingatinga mlaumu mwizi kwanza. Kila aliyeibiwa humu anaambiwa alikosea mahali pa kuweka.

Kufuli_Bovu:
Afadhali wewe zipu ilikuonyesha kwamba umeibiwa. Mimi begi langu la chini lilikuja na kufuli limefungwa vizuri kabisa, ndani hamna viatu. Wanatoboa zipu kwa ncha ya kalamu, wanachota, kisha wanavivuta vile vishikizo vya zipu huku na huku zipu inajifunga tena. Kufuli halijaguswa! Dawati la mizigo wakasema kufuli zima, hakuna wizi.

Tingatinga99:
Hao polisi mnaowadai nao wana danadana. Mkataba wa Tokyo wa 1963, ule wa makosa yanayotendwa ndani ya ndege, uliipa mamlaka nchi ilikosajiliwa ndege, kwa hiyo unaposhuka wanakwambia hapa si kwetu. Itifaki ya Montreal ya 2014 ndiyo ikaja kuongeza nchi ya kutua, na si kila nchi imejiunga.

Mama_Tulizana:
Mimi simu yangu ilidumbukia kwenye upenyo wa kiti. Nikaambiwa nisiguse kitufe cha kiti hata kidogo, kiti kikiibana betri inaweza kuwaka moto. Sawa, nikaganda. Aliye mbele yangu akalaza kiti chake mpaka kidevuni kwangu, na huyo hakuambiwa kitu!

Kisiki_Mkavu:
Mama hapo umegusa penyewe. Wanaolaza viti wakati wa chakula wafungiwe kusafiri maisha.

Tingatinga99:
Kiti kina kitufe cha kulaza, nimekilipia, nalaza. Asiyetaka akate tiketi ya mbele.

Sina_Simile:
Wakuu turudi kwenye mada. Nimeibiwa, halafu nikaulizwa kama nilipanda nazo mbele ya ndege nzima.

Kisiki_Mkavu:
Tingatinga ndiye wewe! Nilijua tu. Chai yangu ilimwagikia mapajani kwa sababu ya mtu wa aina yako.

Tingatinga99:
Chai unaiweka ukingoni mwa meza halafu unanilaumu mimi?

Mama_Tulizana:
Na wanaoegemea kiti cha mbele wakiinuka kwenda chooni, wanakushika na nywele kabisa? Hao nao tuwafungulie uzi wao.

Kufuli_Bovu:
Ufungue wewe mama, mimi naja na wale wanaosimama kabla ndege haijasimama.