Tovuti ya hoteli ilipie hewa ya kaboni, au twauziwa upepo?

MwanaTudor: Asalaam aleikum wana Mombasa. Mimi hutengeneza tovuti. Mteja wangu ana hoteli ndogo Nyali, na wakala wake wa Ujerumani ataka chini ya ukurasa pawe na alama ya kijani kwamba tovuti haichafui hewa. Njia yake: wahesabu data wageni wanayofungua kwa mwezi, wakadiria umeme wake, kisha walipia mahali panapotunzwa miti ili ifyonze hewa hiyo. Nimemshauri pesa ziende Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi wanaotunza mikoko na kuuza hewa ya kaboni. Kiungo cha tovuti nimeweka, na picha ya mkoko niliyoipiga mwenyewe. Je, ni jambo la maana, au twamnunulia mzungu usingizi?

FundiWaya: Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wenyewe kwa simu. Video ya jahazi yaanza peke yake, megabaiti 38! Bando langu la shilingi 20 limekata sijaona hata kitanda. Toa video, punguza picha, ndipo uhesabu cha kulipia. Halafu uliza seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, iko wapi. Umeme wa Kenya mwingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo. Ikiwa iko Virginia, Marekani, huko umeme mwingi ni wa gesi.

KijanaMakupa: Hiyo picha si mkoko. Ni mchu. Mkoko una mizizi ya kusimamia kama miguu ya kaa, mchu mizizi yake yachomoza topeni kama penseli. Mtu alipia mti asioujua!

MwanaTudor: Kaka, nimezaliwa Tudor, tope hilo nimelichezea. Sote twaita mikoko. Usinifanyie ualimu hapa.

KijanaMakupa: Sote nani? Hivyo husema watu wa bara.

MamaMikindani: Bara yatoka wapi tena? Mimi ni wa bara, nimeolewa hapa miaka 30, na kikundi chetu kimepanda miche kandokando ya mkondo wa Tudor. Nimeingia tope hadi magotini. Maji kujaa yakaleta mifuko na chupa, miche ikalala chini yake kama imefunikwa shuka. Nyinyi mliozaliwa hapo mlikuwa barazani mkinywa kahawa.

KijanaMakupa: Mama, shikamoo. Sikukusudia wewe.

MamaMikindani: Marahaba. Ulimkusudia nani basi?

WaMsambweni: Hebu turudi Gazi. Wale wameanza 2013, hekta 117 za mikoko, wauza kama tani 3,000 za hewa ya kaboni kwa mwaka. Si pesa za kununua prado, lakini maji yamefika na shule imepata vitabu bila kumngoja mheshimiwa. Langu ni moja: babu yangu alikata boriti, pau na fito za mikoko akajenga. Leo mjukuu aambiwa asiguse, kwa sababu mtu Berlin anatazama jahazi likienda.

FundiWaya: Hilo jahazi ni megabaiti 38, jamani.

KijanaMakupa: Nyumba ya nyanya yangu Kibokoni yasimama kwa boriti hadi leo. Siku hizi mwauziwa korija, miti 20, nusu yake imepinda.

WaMsambweni: Yapindika kwa kukatwa changa! Ndiyo maana ya kulinda.

MwanaTudor: Si ulikuwa wapinga sasa hivi?

WaMsambweni: Sipingi kulinda. Napinga mgao. Sheria ya tabianchi ya 2023 yasema wenyeji wapewe asilimia 25 ya mapato ya mradi.

FundiWaya: Arubaini. Hiyo 25 ni ya miradi isiyo ya ardhi.

WaMsambweni: Mikoko ni ardhi au bahari?

KijanaMakupa: Maji yakipwa ni ardhi. Bamvua likija, serikali yachukua chake.

MamaMikindani: Wallahi nimecheka, na bado sijakusamehe. Jumamosi twatoa takataka kwenye miche, njoo na glavu zako.

KijanaMakupa: Jumamosi nina harusi.

MamaMikindani: Maji yapwa asubuhi. Harusi ni usiku.

MwanaTudor: Mrejesho: mteja amekubali kulipa. Video haitoi, jahazi lilikuwa la marehemu babake. Picha ndiyo ataka ibadilishwe. KijanaMakupa, waweza kunitumia ya mkoko wa kweli?

KijanaMakupa: Ninayo, nzuri sana. Megabaiti 12.