Seva mpya: tubaki na Intel au tuhamie AMD?

Mwanzisha mada
Wadau, ninaandaa mapendekezo ya kununua seva za kuendeshea mashine pepe (kompyuta za kiprogramu, kadhaa ndani ya seva moja), na kwa miaka yote tumetumia vichakataji vya Xeon vya Intel. Wenzangu wanashikilia kwamba kichakataji cha EPYC cha AMD ni bora kwa kuwa TSMC, kampuni ya Taiwan ya kutengeneza chipu, hukitengeneza kwa teknolojia ya nanomita chache zaidi. Je, hoja hiyo inatosha kutuhamisha?

Transista
Mkuu, nanomita zisikubabaishe, kwani siku hizi namba hiyo ni jina la kibiashara tu. Nanomita 10 za Intel zilikaribiana na nanomita 7 za TSMC kwa msongamano wa transista (swichi ndogo mno za ndani ya chipu). Kilichoiponza Intel ni kuchelewa kwa miaka kadhaa, huku ikiendelea kukarabati teknolojia yake ya nanomita 14 ya mwaka 2014. AMD ilikuwa imeachana na viwanda vyake mwaka 2009 (licha ya majigambo ya mmoja wa waanzilishi wake, Jerry Sanders, kwamba wanaume halisi wana viwanda), kwa hiyo GlobalFoundries, kampuni iliyochukua viwanda hivyo, ilipositisha nanomita 7 mwaka 2018, AMD ilihamishia kazi hiyo TSMC.

Fundi Seva
Naafiki, ila usanifu nao una sehemu yake, tena kubwa. EPYC ya mwaka 2019 ilikuwa na hadi vipande vinane vidogo, kila kimoja chenye viini (sehemu zinazofanya hesabu) vinane, vikikizunguka kipande kikubwa cha mawasiliano kilichotengenezwa kwa teknolojia ya zamani na ya bei nafuu. Doa, yaani kasoro, likiangukia sahani ya silikoni ambayo chipu hukatwa humo, hupotea kipande kidogo tu. Kwenye chipu kubwa ya kipande kimoja, doa hilohilo laweza kuharibu eneo kubwa mno. Ndiyo maana AMD ilifikia viini 64 wakati Xeon za kawaida za soketi (za kuchomekwa kwenye bodi) ziliishia 28.

Leseni Kwanza
Hayo ni ya 2019. Mwaka 2024 Intel ilitoa Xeon 6 yenye viini vikubwa 128, hivyo pengo limepungua, ingawa EPYC ya mwaka huohuo hufika 192 vya aina ndogo. Mimi ningeuliza kwanza leseni za hifadhidata zenu zinatozwaje. Zikitozwa kwa kila kiini, viini vichache vyenye kasi vitawafaa kuliko utitiri wa viini, awe nani aliyevitengeneza.

Fundi Seva
Jambo jingine: mashine pepe haihamishiki ikiwa inafanya kazi kutoka Intel kwenda AMD. Lazima izimwe, kisha iwashwe upande wa pili, kwa hiyo msichanganye chapa hizo katika kundi moja la seva.

Mwanzisha mada
Nashukuru. Leseni zetu za hifadhidata ni za kila kiini, hivyo hizo zitabaki kwenye Xeon zilizopo. Mashine nyingine nitazipendekezea kundi la pekee la EPYC, na kwa kuwa zitapaswa kuzimwa, nitaomba usiku mmoja wa mwisho wa juma.