Tupeane uzoefu: mgonjwa wa akili aambiwe jina la ugonjwa wake, au abaki akijua ni malaria?

Kaka wa Kirumba
Habari za jioni wanajamvi. Mdogo wangu ana miaka 24. Mwaka jana alianza kujifungia chumbani, akidai majirani wanamsema usiku kucha. Tulianza na maombi, tukaenda kwa mganga upande wa Magu, mbuzi mmoja na kuku wawili, ndipo tukafika hospitali. Daktari alimtoa nje, akatuambia mimi na baba kwamba ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, na dawa ni za muda mrefu. Baba akasema palepale, "Asiambiwe." Nyumbani tukamwambia malaria ilimpanda kichwani.

Sasa ametulia. Juzi ananiuliza, "Kaka, malaria gani hii ya miezi minane?" Nilijifanya napokea simu. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Mama Buhongwa
Pole mwanangu. Mimi nilificha, tena kwa makusudi. Binti yangu ana baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na posa ilikuwa imeshaletwa, ng'ombe wameshatajwa. Nilitoa vidonge kwenye boksi lake nikavitia kwenye kopo la karanga, nikamwambia ni vya kutuliza kichwa. Akaolewa, akashika mimba. Kliniki wakamuuliza anatumia dawa gani, akajibu "za kichwa". Nesi akamwambia alete kopo. Vile vidonge vilikuwa valproate, dawa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni. Nilipigiwa simu nikiwa sokoni, miguu ikaisha nguvu. Daktari alimbadilishia dawa, na mjukuu yupo, mzima, ana miaka 3. Lakini binti yangu aliniuliza swali moja tu: "Mama, kopo la karanga?" Mpaka leo sijapata pa kuliweka.

Mzee wa Igoma
Mimi namwelewa baba yako. Shemeji yangu aliambiwa na daktari kijana, mlango wazi, foleni nzima inasikia. Kabla ya Jumapili mtaa ulishampa jina la Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na Dodoma kwenyewe hajawahi kufika. Kliniki hakurudi tena. Ukweli ulikuwa wake, wakaugawa kwa watu.

Mvuvi wa Ukerewe
Mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, na ninyi wote mnaongea kama tuko nje ya chumba.

Navua dagaa. Dagaa ni kazi ya giza: taa zinawashwa juu ya maji, mnavuta nyavu hadi alfajiri, na mbalamwezi ikija ndipo mnapumzika. Niliugua mara tatu, na mara zote ni katika wiki za giza. Naanza kuongea haraka, nagawa hela, siku ya nne nataka kununua injini ya mtu. Nyumbani wakasema ziwa lina wenyewe, limenikataa. Nilitambikiwa ufukweni. Hospitali nilichomwa sindano, shingo ikapinda hadi naangalia bega, ndugu wakapiga kelele kwamba jini limegoma kutoka. Ilikuwa dawa. Nilichomwa nyingine, shingo ikarudi. Hakuna aliyenieleza.

Mara ya nne nesi mmoja akaniuliza, "Kaka, kabla hujaugua unalala saa ngapi?" Akachukua kadi yangu, nyuma yake akachora mistari ya usiku, mmojammoja, na kila usiku niliokesha akautia doa. Madoa yalikuwa yanaanza kabla ya ugonjwa, kila mara. Ndipo akanitajia baipola, na kwamba kukosa usingizi kunaweza kuuamsha. Mjomba alikuwa ameketi pembeni, akinigeuzia kwa Kikerewe pale nilipokwama. Miaka sita, jamani! Miaka sita ndugu zangu walilijua lile jina, nami naendelea kupanda mtumbwi usiku.

Sasa naanika dagaa mchana na kuwapeleka soko la Mwaloni. Hela imepungua. Sijaugua tena hadi leo.

Nesi mstaafu
Nimefanya kazi wodi ya akili. "Skizofrenia" kwa wagonjwa wengi ni neno tupu, halina maana. Neno wanalolijua ni kichaa, na hilo ndilo wanalolisikia. Japani walikuwa na shida kama hii, jina lao la zamani lilimaanisha akili iliyopasuka. Mwaka 2002 wakalibadili. Wagonjwa walioambiwa ugonjwa wao wakapanda kutoka kama asilimia 37 mwaka huo hadi kama 70 mwaka 2004. Mimi sikuwahi kuanza na jina. Nilimuuliza mgonjwa kwanza yeye anaonaje kilichompata, nikamweleza zile sauti zinatoka wapi na dawa inafanya nini, jina likaja mwisho. Na mlango niliufunga. Kaka, mtafute mtu anayemheshimu, akae naye.

Kaka wa Kirumba
Shikamooni wazee wangu, asanteni. Baba nilimwambia kwanza. Hakukubali wala hakukataa, alisema tu, "Usimwambie nyumbani, watoto wanasikia." Leo jioni nimekwenda na mdogo wangu na mjomba hadi kwenye mawe ya ziwani. Nimemweleza kama nesi alivyosema. Jina ameniomba nilirudie mara mbili, polepole, akaliandika kwenye simu. Akauliza, "Baba anajua?" Nikasema anajua, tangu siku ya kwanza.

Alikaa kimya muda mrefu akitazama kivuko cha Kamanga kikiingia. Kisha akasema twende, dawa ni saa mbili.