Kusimamia ujenzi mwenyewe bila kontrakta

Kijana_Iyumbu: Wakuu habari, kiwanja kipo Iyumbu hapa Dodoma na kibali cha ujenzi cha jiji tayari ninacho, nataka nisimamie mwenyewe niwe naita mafundi moja kwa moja, naanzia wapi?

MamaNala: Mdogo wangu anza na maji, tangi lijae kabla fundi hajagusa kitu maana jua na upepo wa Dodoma unakausha zege haraka mno, mwagilia asubuhi na jioni angalau siku 7 na ulifunike. Fundi mlipe kwa hatua, msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kupaua, kamwe usimpe hela yote mbele

Tofali6: Siku ya kumwaga jamvi (zege la sakafu) na lenta uwepo saiti mwenyewe, ndo saruji inapopunjwa. Na mpaue kabla ya mvua za Desemba

Kijana_Iyumbu: Asanteni sana, fundi umeme je?

MamaNala: Kabla ya plasta, apitishe mabomba ya nyaya kwanza