Lori la jeshi la karatasi, skeli ya 1:25: GMC, GAZ-66 au CMP? Na niprinti kwa leza au kwa wino?

SalimTudor

Salaam aleikum wenzangu. Majengo na majahazi ya karatasi nimeshayazoea, sasa nataka lori la jeshi lenye kila kitu: chesisi, injini chini ya boneti, springi, propela (ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli), turubai. Silitaki lile la kukunja kisanduku na kubandika tairi nne. Litakaa kwenye kabati la vioo hapa nyumbani Tudor, na vijana wa mtaa watataka kulishika, kwa hivyo liwe imara.

Nimechuja mpaka yamebaki matatu. La kwanza ni GMC CCKW la Marekani, lile la tani mbili na nusu la Vita vya Pili. La pili ni GAZ-66 la Kisovieti. La tatu ni CMP (Canadian Military Pattern), malori yaliyotengenezwa Kanada kwa ajili ya majeshi ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Mawili ya kwanza nimepata faili zake za kununua, zimeshachorwa kwa 1:25, yaani kila kipimo cha lori halisi kimegawanywa kwa 25. CMP nina michoro ya vipimo tu, itabidi nichore vipande mwenyewe.

Jambo jingine, saiba ya karibu ina printa ya leza peke yake. Binamu yangu ana ya wino. Na joto letu mnalijua. Nisaidieni.

MwalimuLikoni

Waleikum salaam Salim. Mimi nasema GAZ-66, na sababu yangu ni tairi.

Bodi ya lori ni mbao za pembe nne, hiyo utaimaliza huku ukisikiliza redio. Tairi ndiyo kazi. Mtu akisimama mbele ya kabati macho yake yanaenda kwenye tairi kwanza, na duara likipinda hakuna rangi itakayolificha. GMC ina tairi mbili mbele na nane nyuma, ukiongeza ya akiba ni kumi na moja. GAZ ina nne na ya akiba, basi. Tena ni kubwa: upana inchi 12 kwa ringi ya 18, kwa hivyo kwenye 1:25 unapata kipenyo cha sentimita 4 na ushei, unene milimita 12. Kitu cha ukubwa huo kinashikika mkononi, unaweza hata kubandika meno ya tairi moja moja.

Zaidi ya hapo, gari hili lilitengenezwa Gorky kuanzia 1964 hadi 1999, kwa hivyo picha zake za kila pembe ni tele, ndani na nje. Na kabini yake hulalia mbele yote kwa jumla, injini ya V8 ikabaki wazi. Ukiifanya hiyo bawaba ikafanya kazi, hao vijana wa mtaa hawataondoka kwenye kabati lako.

FundiChangamwe

Mwalimu, heshima yako, lakini Salim ametaka kila kitu. Mimi nashinda chini ya malori, na nakwambia kwa anayependa kuona nguvu inavyosafiri kutoka injini hadi tairi, GMC ndiyo shule.

Angalia chini yake. Kutoka gia boksi kuna propela fupi mpaka gia boksi ya pili, ile inayogawa nguvu. Kutoka hapo moja inakwenda difu ya mbele, nyingine difu ya katikati, na ya tatu inapita juu ya ekseli ya katikati, inashikwa na beringi iliyokaa pale juu, halafu propela nyingine inamalizia mpaka difu ya mwisho. Springi za nyuma nazo zimekaa katikati ya ekseli mbili, zinazibeba zote kwa pamoja, ekseli moja ikipanda nyingine inashuka. Hayo yote yanatengenezeka kwa karatasi. Majani ya springi ni vipande vya karatasi ya gramu 160 (uzito wa mita moja ya mraba) vilivyopangwa kwa kupungua urefu, propela ni karatasi nyembamba iliyoviringwa kwenye waya. GAZ ina ekseli mbili na propela zake, unamaliza mapema.

Kuhusu tairi, hesabu si ya kutisha. Tairi ya GMC ni 7.50 kwa 20, upana wake sentimita 19, kipenyo sentimita 90 hivi. Gawanya kwa 25: kipenyo milimita 36, unene milimita 7 na nusu. Kadibodi ya milimita moja, visahani saba, juu unafunga na karatasi. Piga tundu la katikati kabla ya kukata ukingo, vyote vipitishe kwenye kijiti kimoja vikiwa bado na gundi mbichi, hapo havikimbiani. Vikikauka, lowesha ukingo kwa supaglu ili karatasi iwe ngumu, kisha zungusha kwenye msasa laini mpaka mabega ya tairi yawe ya mviringo. Supaglu bila kufungua dirisha ni hatari kwa macho, hilo ulizingatie.

Rangi ya tairi isiwe nyeusi tititi. Changanya na kijivu. Tairi iliyotembea barabarani haiwi nyeusi hata siku moja.

Bi_Rukia_Kibokoni

Nawasikia nyinyi na malori yenu. Mimi natengeneza kadi na maboksi ya harusi, karatasi nimeishika maisha yangu yote hapa Mji wa Kale, basi niseme kuhusu karatasi maana hapo hamjagusa na hapo ndipo kazi hufa.

Leza: poda yake hukaa juu ya karatasi na kuyeyushiwa pale. Haiogopi maji. Lakini ukikunja inapasuka, unaona mstari mweupe kwenye kila kona, na lori la kijani lenye kona nyeupe halipendezi. Wino: unaingia ndani ya nyuzi, unakunjika vizuri sana, kona inabaki safi. Ila jasho la kiganja likiugusa unatoka. Kwa kaskazi hii, mwezi wa pili saa nane mchana, nani mkono wake mkavu?

Mimi nachagua wino. Karatasi ikitoka kwenye printa ilale mpaka kesho yake, kisha ipulizie vanishi isiyong'aa, tabaka mbili nyepesi, ndipo uguse mkasi. Wakati wa kukata tandika kitambaa cha pamba chini ya kiganja. Ukilazimika kwenda na leza, basi mikunjo yote ichore kwanza kwa upande wa nyuma na kalamu ya biki iliyokwisha wino, kunja polepole, na uwe na rangi ya maji ya kijani hicho hicho ya kupaka kona na kingo. Kingo zipake hata kwa wino. Karatasi nyeupe ikichungulia pembeni mwa mlango inaua kazi yote.

Na msinunue ile Conqueror yenye mistari wanayoprintia barua za kazi. Mistari yake itaonekana kwenye boneti. Chukua laini, isiyong'aa, gramu 160 kwa bodi, gramu 80 ya kawaida kwa vitu vidogo vya kuviringa.

MwalimuLikoni

Bi Rukia amenifungulia njia. Niongeze mambo mawili ya saiba.

Mwambie kijana wa pale aprinti kwa ukubwa halisi. Mashine nyingi zimewekwa zipunguze ukurasa ili uingie vizuri kwenye karatasi, na lori lako linakuwa dogo bila wewe kujua, halafu kadibodi ya milimita moja haiingii tena kwenye nafasi yake. Faili nzuri huwa na mstari wa kupimia. Weka rula hapo hapo kaunta, kabla ya kulipa. Na kurasa zote zitoke siku moja, printa moja, ream moja. Kijani cha leo na kijani cha wiki ijayo havifanani, na utakuja kuona mlango una rangi yake na boneti yake.

Halafu kuna uzi wa karatasi. Karatasi ikivuta unyevu hutanuka kwa kukata uzi, kwa urefu wa uzi hutanuka kidogo sana. Huku kwetu ni lazima ujue uzi unaelekea wapi. Pinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu halafu kwa upana: upande inaokubali kwa urahisi ndio uzi unalala kwenye mkunjo. Zile reli mbili ndefu za chesisi uzikate uzi ukienda kwa urefu wa reli, kadibodi yake vilevile. Ukizikata kinyume, mvua za masika zikianza chesisi inajikunja na lori linasimama kwa tairi tatu.

KijanaKisauni

Mbona hakuna anayesema 1:35? Wanajeshi wa plastiki na vifaa vingi vya modeli ni 1:35. Punguza faili la 1:25 liwe asilimia 71, GMC ambayo ingekuwa sentimita 26 inakuwa 18 na nusu, inaingia kwenye kabati lolote na unaweka askari kando yake.

Na CMP kuichora si tatizo. Chukua programu ya Inkscape, ni bure, chora kila upande kwa vipimo halisi ukitumia milimita, ongeza masikio ya gundi. Kabini yenye mikunjo unaweza kuunda kwanza kwa umbo la pande tatu, kisha programu ya Pepakura inakufungulia ikawa bapa.

FundiChangamwe

Kisauni, ukipunguza karatasi kadibodi haipungui. Kila mahali faili inaposema milimita moja utahitaji 0.7, na hiyo duka gani inauza? Utaishia kubandika karatasi mbili tatu kwa kila kipande. Majani ya springi yatakuwa uzi wa kushonea. Wapoland, ambao hii ndiyo fani yao (jarida lao la modeli za karatasi, Mały Modelarz, lilianza 1957), magari wameyaweka 1:25 na wamebaki hapo. Ni skeli inayoacha nafasi ya kidole.

MzeeKilindini

Salim mwanangu, hawa wote wamesema vizuri na mimi nitatetea CMP ambayo hakuna aliyeipa haki yake.

GMC ni historia ya Marekani na GAZ ni ya Warusi. CMP imepita kwetu. Ford na Chevrolet wa Kanada walitoa zaidi ya 400,000 za aina hii, na majeshi ya Jumuiya ya Madola yalizitumia kila palipokuwa na vita, Afrika Kaskazini, Italia, mpaka Burma. Vijana wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza la Afrika Mashariki, waliopigana bonde la Kabaw mwaka 1944 wakiwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki wengi walipandia meli hapa. Na Kilindini yenyewe mwaka 1942 ilikuwa makao ya manowari za Uingereza za Mashariki, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo). Ukiweka lori hilo kwenye kabati lako utakuwa na la kuwaeleza hao vijana.

Sura yake nayo ni ya pekee. Angalia ile kabini ya namba 13: pua fupi, na vioo vya mbele vimeinamia chini, juu vimetokeza kuliko chini. Hiyo iliwekwa makusudi, jua lisimulike kwenye kioo likaonekana na ndege ya adui. Usukani kulia, kama magari yetu. Rangi ilikuwa kahawia, na kuanzia 1944 ikawa kijani cha zeituni. Unaweza kuchagua.

Tairi nne na ya akiba, Mwalimu atafurahi.

SalimTudor

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimekaa na maneno yenu.

CMP ndiyo ninayoitaka moyoni, Mzee amenimaliza. Lakini kuchora vipande mwenyewe wakati huo huo ninajifunza chesisi, ekseli na tairi ni kubeba mizigo miwili. Kwa hivyo naanza na GMC kwa 1:25 kama alivyosema Fundi, faili ipo, maelezo ya kila kipande yapo, halafu nikishajua springi na propela zinakaaje nitaichora CMP kwa Inkscape. GAZ inanivutia kwa ile kabini ya kulala, ila nimeona kama chini yake haitanipa nilichokuja kutafuta.

Naprinti kwa wino. Bado swali moja, turubai. Faili ina turubai la kukunja la gramu 160 na naliona gumu mno, kama bati.

Bi_Rukia_Kibokoni

Usitumie hiyo. Tengeneza zile pinde za kubebea turubai kwa waya wa shaba kutoka kwenye nyaya za umeme zilizokatwa, uunyoshe kwanza kwa kuuviringisha chini ya rula ya chuma. Zifunge bodini zikauke kabisa. Kisha chukua karatasi laini ya kufungia viatu vipya, ile nyembamba inayoonyesha upande wa pili, ikunje kidogo mkononi ipate makunyanzi, uifungue. Gundi nyeupe uichanganye na maji nusu kwa nusu, paka juu ya pinde, laza karatasi, halafu paka tena juu kwa burashi laini. Ikianza kukauka itajivuta yenyewe na kubonyea katikati ya pinde, kama turubai la kweli lililolowa mvua. Rangi unapaka baada ya siku moja.

Pinde zisipokauka vizuri hilo turubai litazivuta zilale, kwa hivyo usiwe na haraka hapo.

FundiChangamwe

Na kamba za turubai usichore. Chukua uzi wa kushonea wa kahawia, upitishe kwenye gundi ili manyoya yake yalale, ufunge kwenye zile ndoana ndogo za pembeni mwa bodi. Ukifika kwenye ile propela inayopita juu ya ekseli ya katikati, weka picha hapa kabla hujagundisha bodi juu yake. Baada ya bodi kukaa hapaingii mkono.